Kumuuzia kahawa mnywaji wa China: hatua za kufuata kabla mfuko wa kwanza haujapanda meli

Shanghai sasa ina maduka ya kahawa zaidi ya 9,000. Mwaka 2023 Luckin, kampuni ya China ya maduka ya kahawa, iliipita Starbucks ya Marekani kwa mapato ndani ya China, na kikombe chake kimekuwa kikiuzwa hata kwa yuan 9.9 wakati wa ofa. Novemba 2024 Luckin hiyo hiyo ilikubaliana na Brazil kununua tani 240,000 za kahawa kati ya 2025 na 2029. Nchi tuliyozoea kuiona ya wanywaji chai imejaa vijana wanaoanza asubuhi kwa kahawa, na wengi wao wanajua kutofautisha ladha ya Ethiopia na ya Kenya.

Mwongozo huu ni kwa mkaangaji mdogo, chama cha ushirika au mfanyabiashara wa Tanzania anayetaka mfuko wenye jina lake ufike mikononi mwa mnywaji wa huko. Jirani wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo atafuata njia ile ile, na palipo na tofauti nimesema. Nimechagua kahawa kwa sababu ndiyo naifahamu, lakini mwenye asali, viungo au korosho zilizobanguliwa atajikuta akipita milango hiyo hiyo.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote: amua mlango utakaoingilia kabla hujachapisha mfuko hata mmoja. Nimeona watu wakianza na mfuko mzuri, wakafuata picha nzuri, wakapeleka sampuli, halafu mwishoni ndipo wakauliza mzigo utaingiaje. Hapo mfuko haufai, lebo haifai, na wakati mwingine hata jina limeshachukuliwa na mtu mwingine.

Hatua ya 1: Chagua mlango

Milango ni mitatu.

Wa kwanza ni kuuza kahawa safi, yaani iliyokobolewa lakini haijakaangwa, kwa mkaangaji wa China. Huo ndio mlango wa zamani na wengi wanaujua. Unauza kwa tani, jina lako halionekani popote, na bei inapangwa na soko la dunia pamoja na ubora wa kikombe chako.

Wa pili ni biashara ya kawaida ya uagizaji. Kahawa yako inaingia ikiwa imekaangwa na kufungwa, mwagizaji wa China analipa ushuru na VAT, na baada ya hapo anaweza kuiweka kwenye supamaketi, mgahawa au duka la mtandaoni bila kizuizi.

Wa tatu ni biashara ya mtandaoni ya kuvuka mipaka, na huu unastahili maelezo marefu kwa sababu ndio unaomfaa zaidi mdogo anayeanza. Chini ya utaratibu huu mzigo unakaa kwenye ghala lililo chini ya forodha, katika miji kama Hangzhou, Ningbo au Guangzhou, na haulipiwi kodi mpaka mteja anunue. Mteja akibonyeza kununua kwenye Tmall Global, JD Worldwide au jukwaa lingine, taarifa tatu, yaani oda, malipo na usafirishaji, zinaenda forodha, mfuko wake unatolewa ghalani na kupelekwa nyumbani kwake. Tangu 1 Januari 2019, mtu mmoja anaruhusiwa kununua kwa njia hii bidhaa zisizozidi yuan 5,000 kwa mara moja na yuan 26,000 kwa mwaka. Ndani ya kiwango hicho ushuru wa forodha ni sifuri, na VAT inatozwa asilimia 70 tu ya kiwango chake. Kahawa iliyokaangwa ina VAT ya asilimia 13, kwa hiyo kupitia mlango huu mteja anatozwa asilimia 9.1.

Muuzaji wa nje halazimiki kuwa na kampuni iliyosajiliwa China, na lebo ya Kichina inaweza kuwekwa kwenye ukurasa wa bidhaa mtandaoni badala ya kubandikwa kwenye mfuko. Hizo ni nafuu kubwa. Masharti yapo pia: bidhaa lazima iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa na serikali ya China (hakikisha kwa namba ya forodha ya bidhaa yako, usibahatishe kwa jina), na mfuko ulioingia kwa mlango huu ni wa matumizi binafsi ya mnunuzi. Haruhusiwi kuuuza tena. Mwenye mgahawa wa Chengdu akitaka kilo 50 za kuuza vikombe, hawezi kuzichukua kwa mlango huu.

Sasa linganisha na nafuu ya ushuru inayozungumzwa sana. Tangu 1 Desemba 2024 China imefuta ushuru kwa bidhaa zote kutoka nchi zenye maendeleo duni zilizo na uhusiano wa kibalozi nayo, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kahawa iliyokaangwa kwa kawaida inatozwa asilimia 15 na isiyokaangwa asilimia 8. Kenya haimo kwenye kundi hilo la nchi. Juni 2025 China ilitangaza nia ya kupanua nafuu hiyo kwa nchi zote 53 za Afrika zenye uhusiano nayo, hivyo mfanyabiashara wa Nairobi amuulize mwagizaji wake ushuru unaotozwa siku ya kutia saini mkataba. Angalia hapa lakini: kwenye mlango wa tatu ushuru ni sifuri kwa kahawa ya nchi yoyote, hata ya Italia. Maana yake nafuu yetu ina nguvu kwenye mlango wa pili. Anayetaka kuuza kwa wingi kupitia mwagizaji ndiye atakayeonja faida ya asilimia 15 dhidi ya mshindani anayeilipa.

Ushauri wangu kwa anayeanza: ingia kwa mlango wa tatu na shehena ndogo, soma wateja, kisha fungua wa pili ukiwa na ushahidi wa mauzo mkononi. Mwagizaji wa China anasikiliza takwimu za mauzo kuliko hadithi ya Mlima Kilimanjaro.

Hatua ya 2: Sajili jina lako, tena mapema

China inampa haki ya alama ya biashara aliyeandikisha kwanza, hata kama mwingine ameitumia miaka kumi kwao. Michael Jordan, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, pamoja na umaarufu wake wote, alihangaika mahakamani kwa miaka na kampuni ya vifaa vya michezo iliyosajili jina lake kwa Kichina, na ushindi alioupata mwaka 2016 kwenye Mahakama Kuu ya Watu ulikuwa wa sehemu tu. Starbucks nayo ililazimika kwenda mahakamani Shanghai dhidi ya kampuni ya mji huo iliyojiita kwa jina lake la Kichina, Xingbake. Starbucks ilishinda. Wewe hutakuwa na fedha za mawakili kama wale.

Fanya hivi. Andikisha jina kwa herufi zetu, nembo, na jina la Kichina, kila kimoja kwa maombi yake. Jina la Kichina si pambo: wateja watakuita kwa Kichina utake usitake, na usipochagua wewe watachagua wao, halafu mjanja mmoja atalisajili. Kahawa ipo daraja la 30. Ukiweza ongeza daraja la 35 la huduma za uuzaji na la 43 la migahawa.

Kenya na Rwanda ni wanachama wa Mfumo wa Madrid, hivyo mfanyabiashara wa huko anaweza kuomba China kupitia ofisi ya alama za biashara ya nchi yake. Wengine watapeleka ombi moja kwa moja kwenye mamlaka ya China inayoitwa CNIPA, na sheria inamtaka mgeni asiye na makazi wala ofisi huko atumie wakala aliyesajiliwa. Uchunguzi unapewa hadi miezi tisa, kisha miezi mitatu ya kutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hesabu mwaka mzima. Usajili unadumu miaka 10.

Na hili nalisisitiza: peleka ombi kabla ya kwenda na sampuli kwenye maonyesho. Mtu anayepita bandani akapiga picha ya mfuko wako anaweza kuandikisha jina hilo wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Pata namba ya kiwanda

Tangu 1 Januari 2022, chini ya Amri namba 248 ya Forodha ya China, kila kiwanda cha nje kinachozalisha, kusindika au kuhifadhi chakula kinachoingia China lazima kiwe kimesajiliwa. Oktoba 2025 ilitangazwa amri mpya, namba 280, ya kuchukua nafasi yake kuanzia 1 Juni 2026, kwa hiyo soma masharti yanayotumika siku unayojaza fomu.

Usajili una njia mbili. Kuna bidhaa ambazo mamlaka ya nchi yako ndiyo inapeleka jina la kiwanda: nyama, samaki, maziwa, mazao ya nyuki, viungo, karanga na mbegu, na pia kahawa na kakao zisizokaangwa, vyote vilikuwa kwenye orodha ya Amri 248. Bidhaa nyingine, kahawa iliyokaangwa ikiwemo, kiwanda kinajaza chenyewe kwenye mfumo wa mtandaoni unaoitwa CIFER. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu mwenye haraka. Mkaangaji anaweza kukaa Moshi au Mbinga na kompyuta yake akajaza fomu. Anayeuza kahawa isiyokaangwa lazima apite kwenye mamlaka ya nchi na asubiri zamu yake.

Utahitaji cheti cha usajili wa biashara, jina na anwani ya kiwanda kama vilivyo kwenye leseni, na tamko la kuzingatia masharti ya China. Andaa pia maelezo ya mchakato, ramani ya kiwanda na kumbukumbu za usafi, maana forodha inaweza kuziomba wakati wowote.

Watu wanakwama zaidi kwenye namba za bidhaa. Namba ya forodha ya China ni ndefu kuliko tuliyozoea, na mfumo unakutaka uchague pia namba ya ukaguzi inayoendana nayo. Ukichagua namba ya kahawa iliyoondolewa kafeini wakati yako haijaondolewa, usajili utapita, lakini mzigo utakwama bandarini kwa sababu karatasi hazilingani. Muombe mwagizaji au wakala wa forodha wa China akuandikie namba kamili, uinakili tarakimu kwa tarakimu. Chini ya Amri 248 usajili unadumu miaka mitano, na kuuongeza muda kunataka uombe kabla haujaisha.

Jisajili hata kama unaanzia mlango wa tatu. Siku mwagizaji atakapokupigia simu, namba hiyo ndiyo swali lake la kwanza.

Hatua ya 4: Maabara kabla ya meli

Ipime kahawa yako hapa nyumbani, kwenye maabara yenye ithibati, kwa viwango vya China. Mabaki ya viuatilifu yanaongozwa na kiwango GB 2763, ambacho toleo lake la 2021 lina vikomo zaidi ya 10,000 kwa viuatilifu 564. Sumu za ukungu zipo kwenye GB 2761: kwa kahawa iliyokaangwa okratoksini A isizidi mikrogramu 5 kwa kilo. Sumu hiyo inatokana na kahawa iliyokaushwa vibaya au kulala kwenye unyevu, kwa hiyo dawa yake ipo shambani, kwenye vichanja vya kuanikia, na kwenye ghala la chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS). Ukigundua tatizo ukiwa tayari umekaanga, umechelewa.

Hatua ya 5: Mfuko na lebo

Chukua mfuko wa gramu 250 tuusome pamoja. Mbele: jina lako, jina la Kichina na picha. Hapo una uhuru. Nyuma, kwa biashara ya kawaida, lazima yawepo kwa Kichina jina la bidhaa, viambato (kahawa, basi), uzito halisi, nchi ya asili, tarehe ya kutengenezwa na muda wa kudumu, namna ya kuhifadhi, pamoja na jina, anwani na mawasiliano ya mwagizaji au wakala aliye China. Namba ya usajili ya kiwanda inakaa kwenye mfuko na kwenye boksi la nje. Herufi za lugha nyingine zisizidi ukubwa wa za Kichina zinazosema jambo lile lile, isipokuwa alama ya biashara iliyosajiliwa. Tarehe iandikwe mwaka, mwezi, siku. Ukiandika 05/03/2026 kama tunavyoandika sisi, msomaji wa huko hatajua ni Machi au Mei, na mkaguzi anaweza kukataa.

Kiwango cha lebo ni GB 7718. Toleo jipya lilitolewa Machi 2025 na linaanza kutumika 16 Machi 2027, hivyo usichapishe mifuko ya miaka mitatu kwa mpigo. Mpe mwagizaji faili ya lebo aipitie na kukuthibitishia kwa maandishi kabla ya kwenda kwa mchapaji. Msimbo pau chukua kwa GS1, shirika linaloutoa, tawi la nchi yako. Wa Tanzania unaanza na 620, wa Kenya 616, na majukwaa makubwa yanaudai.

Mfuko wenyewe uwe na vali ya kutoa gesi, kwa sababu kahawa iliyokaangwa hutoa gesi kwa siku kadhaa na mfuko usio na vali utavimba ndani ya kontena.

Hapa niseme wazi jambo ambalo wengi wetu hatulipendi. Tunataka kukaanga nyumbani ili thamani ibaki nyumbani, nami nataka hivyo. Lakini mnywaji wa Shanghai anayelipa bei nzuri anaangalia tarehe ya kukaangwa. Meli kutoka Dar es Salaam au Mombasa inachukua mwezi mmoja hivi, mara nyingi zaidi, halafu kuna siku za ghala. Kahawa ya punje itamfikia ikiwa na miezi miwili au mitatu, wakati mkaangaji wa mjini kwake anampa ya juzi. Kushindana naye kwenye punje ni kupanda mlima mkali.

Njia za kutoka zipo mbili. Kwanza, pakiti za kichujio: kifuko cha gramu 10 za kahawa iliyosagwa, kinachotundikwa kwenye kikombe na kumiminiwa maji ya moto, kilichofungwa kwa gesi ya naitrojeni. Wafanyakazi wa ofisini China wanazipenda sana, muda wake wa kudumu ni mrefu, na boksi la pakiti kumi linatumia gramu 100 tu za kahawa. Hapo thamani kwa kila gramu inapanda, na kazi ya kukaanga, kusaga na kufunga inabaki kwetu. Pili, peleka kahawa safi kwa jina lako na uikaangishe huko kwa mkataba. Mji wa Kunshan, karibu na Shanghai, umejaa viwanda vya kukaanga. Starbucks ilifungua chake kikubwa hapo mwaka 2023. Unalipia kazi, mfuko unabaki na jina lako na jina la shamba. Mimi ningeanza na pakiti za kichujio.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya mfuko mmoja

Namba hizi ni za mfano ili uone fedha inavyogawanyika. Weka zako.

Mfuko wa gramu 250 unauzwa yuan 80, kodi ikiwa ndani. Kodi ya asilimia 9.1 inachukua karibu yuan 6.7. Kamisheni ya jukwaa na malipo, tuseme asilimia 5, ni yuan 4. Ghala na usafirishaji hadi mlangoni, 10. Matangazo, asilimia 20, ni 16. Meli, bima na kliaringi, 5. Jumla ya makato 41.7. Umebaki na 38.3, na humo bado hujatoa kahawa yenyewe (gramu 250 zilizokaangwa zinatoka kwenye karibu gramu 300, maana punje hupungua uzito jikoni), kazi ya kukaanga, mfuko, boksi, maabara na mishahara.

Tuseme baada ya vyote hivyo unabakiwa na yuan 15 kwa mfuko. Duka lako mwenyewe kwenye jukwaa kubwa lina ada ya mwaka, amana, na mshahara wa watu wa kujibu wateja. Kama gharama hizo ni yuan 72,000 kwa mwaka, unahitaji kuuza mifuko 4,800 ndipo urudishe fedha yako, yaani 400 kila mwezi, kabla ya senti moja ya faida. Ndiyo maana simshauri mdogo kufungua duka lake mwanzoni. Weka bidhaa yako kwenye duka la mtu ambaye tayari anauza kahawa za nje na ana wateja. Atachukua sehemu yake, lakini gharama za kudumu ni zake.

Hatua ya 7: Mtafute mshirika, na umchunguze

Maonyesho bado yana kazi. Yale ya uagizaji ya CIIE hufanyika Shanghai kila Novemba tangu 2018, na kule ndiko waagizaji wanaenda wakiwa na nia ya kununua. Ya biashara ya China na Afrika hufanyika Changsha, mkoani Hunan, kila baada ya miaka miwili tangu 2019, na mji huo umejenga masoko maalumu ya bidhaa za Afrika, kahawa ikiwemo. Zungumza na taasisi inayokuza mauzo ya nje ya nchi yako: Tanzania ni TanTrade pamoja na Bodi ya Kahawa, Kenya ni KEPROBA, Rwanda ni NAEB. Mara nyingi banda la taifa linapunguza gharama zako kwa kiasi kikubwa. Rwanda ndiyo imetuonyesha njia katika hili: Oktoba 2018 ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuingia kwenye mpango wa biashara ya kielektroniki wa Alibaba, kampuni kubwa ya China ya biashara ya mtandaoni, na kahawa yake ikaanza kuuzwa kwa mnywaji wa China ikiwa na jina lake.

Ukimpata mtu, omba nakala ya leseni yake ya biashara. Kila kampuni ya China ina namba ya utambulisho ya tarakimu na herufi 18. Iingize kwenye daftari la umma la taarifa za kampuni, uone imeanzishwa lini, inaruhusiwa kufanya nini, na kama jina kwenye leseni ndilo lililo kwenye akaunti ya benki. Kama haiendani, ondoka.

Kuna utapeli mmoja unaowarudia wauzaji wa nje mwaka hadi mwaka. Mnunuzi anakuandikia akitaka shehena kubwa kuliko uwezo wako, habishani bei, anakualika ukasaini mkataba mjini kwao. Ukifika unaambiwa ugharamie karamu, zawadi za wakubwa, na ada ya notari. Baada ya hapo simu haipokelewi. Mnunuzi wa kweli wa kahawa anaanza kwa kuomba sampuli, anaionja, kisha anabishana bei hadi unachoka.

Hatua ya 8: Malipo na karatasi

Kwa mlango wa kwanza na wa pili, mteja mpya alipe asilimia 30 kabla hujapakia na 70 akiona nakala ya hati ya shehena, au tumia barua ya dhamana ya benki isiyoweza kufutwa. Usimkopeshe mteja wa kwanza hata akiwa mkarimu namna gani.

Karatasi za mzigo: ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, ripoti ya maabara, cheti cha usafi wa mimea kwa kahawa isiyokaangwa (Tanzania hutolewa na TPHPA, Kenya na KEPHIS), na cheti cha uasili wa bidhaa. Hiki cha mwisho ndicho kinachokupa ushuru sifuri. Kiombwe kwa fomu maalumu ya mpango wa ushuru sifuri, na mzigo usafiri moja kwa moja. Ukipitia bandari ya nchi nyingine, usiondoke mikononi mwa forodha wala usifunguliwe. Uzito, idadi na maelezo yafanane kwenye karatasi zote. Mapaleti ya mbao yawe na muhuri wa ISPM 15, maana mbao isiyotibiwa inaweza kurudisha kontena zima.

Hatua ya 9: Kuuza kwenyewe

Mnywaji wa China hakutafuti kwenye Google wala Instagram. Anafungua Xiaohongshu, mtandao wa kijamii wa kwao, anaandika "kahawa ya Tanzania", na kusoma walioinywa wanasema nini. Ukurasa usiokuwa na maoni ya watu ni sawa na duka lililofungwa. Kwa hiyo, kabla ya kutangaza popote, peleka pakiti kwa watumiaji wadogo kwenye jukwaa hilo, wale wenye wafuasi elfu chache wanaoandika kwa undani kuhusu kahawa. Waeleze shamba liko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, aina ya mbuni, imeoshwa au imekaushwa na ganda lake, na ladha wanayoweza kuitegemea. Picha za wakulima wakichuma zinavutia, lakini mteja huyu anataka takwimu za kikombe.

Matangazo ya kuuza kwa video ya mubashara mtandaoni yanaweza kumaliza shehena nzima kwa dakika. Ni kweli, na ni hatari pia. Mtangazaji mkubwa anataka bei ya chini kuliko popote pamoja na kamisheni nene, na wateja wanabaki wake. Desemba 2021 Viya, aliyekuwa malkia wa uuzaji wa mubashara, alitozwa yuan bilioni 1.34 kwa kukwepa kodi na kurasa zake zikatoweka siku hiyo. Waliokuwa wamemtegemea yeye peke yake walibaki bila dirisha la kuuzia.

Chunga maneno. Sheria ya matangazo ya China inakataza kusema bidhaa yako ni "bora kuliko zote" au "ya daraja la juu kabisa", na chakula cha kawaida hakiruhusiwi kudai kinatibu au kuzuia ugonjwa. Kuna watu wanaopata riziki kwa kuwinda makosa ya namna hiyo na kudai fidia. Muuza asali awe mwangalifu mara mbili.

Panga kalenda yako kwa sikukuu zao: 18 Juni na 11 Novemba, siku kubwa za manunuzi ya mtandaoni, na mwaka mpya wa Kichina unaoangukia Januari au Februari. Mzigo wa Novemba uwe ghalani mwanzoni mwa Oktoba, na wiki ya kwanza ya Oktoba nchi nzima ipo likizo, kwa hiyo lenga mwisho wa Septemba. Ukirudisha nyuma meli na kliaringi, unapakia Dar mwanzoni mwa Agosti, na hiyo ina maana kahawa iwe imechaguliwa na kuonjwa kufikia Julai, wakati kanda za kaskazini ndiyo kwanza zinaanza kuvuna. Shehena ya kwanza ya Novemba itatoka kwenye akiba ya msimu uliopita, kwa hiyo iweke pembeni mapema, kavu, kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na usiiguse hata mnunuzi wa karibu akija na bei nzuri.

Maswali ya wateja yajibiwe kwa Kichina ndani ya dakika chache, mpaka usiku. Kama mshirika wako hana mtu wa kazi hiyo, tafuta mwingine. Na kila mwezi umtake akutumie vitu vitatu: idadi iliyouzwa, idadi iliyobaki ghalani pamoja na tarehe za kuisha muda, na maoni ya wateja waliotoa nyota chache, yakiwa yametafsiriwa yote. Mzigo ukifika nusu ya muda wake bado uko ghalani, punguza bei mara moja. Wauzaji wengi hawatapokea tena mfuko uliokaribia mwisho, na kuurudisha Afrika ni gharama kuliko thamani yake.

Shehena ya pili isizidi ile ya kwanza maradufu, hata kama ya kwanza iliisha kwa wiki moja.